Flashi ya Samli

Jumamosi asubuhi kompyuta ya klabu ya sayansi iligoma kuwaka, na ndani yake kulikuwa na utafiti mzima wa Adelina kuhusu asali ya kwao Bukene. Hakuwa na nakala nyingine, na waandaaji wa mashindano walitaka waupate kabla ya saa sita mchana. Mimi, mtaalamu wa klabu niliyejiteua mwenyewe, niliitwa kwa heshima zote.

"Mfumo umeharibika," nilitangaza. "Lazima uwekwe upya."

Mwalimu Nikolaus, mtu anayefuta kiti kwa leso kabla ya kukikalia, alitoa DVD inayong'aa. "Tumia hii. Safi, haina vijidudu."

Nikabonyeza kitufe, sehemu ya kuwekea DVD ikatoka na ukoo wa mende. Mmoja alikuwa amekufa, wenzake wakimtafuna. Mwalimu alirudi nyuma hadi ukutani. Tukawakung'uta, tukaingiza DVD, na kioo kikatuandikia kwa upole kwamba vyote vilivyomo vitafutwa.

"Usiguse!" Adelina alinidaka mkono. "Abasi, ukibonyeza hapo nakufa na wewe!"

"Basi tupate flashi yenye mfumo unaowaka bila kusakinishwa," nikasema. "Tuokoe kazi yako kwanza."

Wote wakamgeukia Masele, mwanaklabu mwenzetu aliyekuwa na flashi ya aina hiyo. Flashi ni marufuku bwenini, na sisi wavulana huficha vya marufuku mahali ambapo patroni hathubutu kuingiza vidole siku ya upekuzi. Masele, mtoto wa wafugaji wa Igunga, alikuwa ameizamisha yake kwenye kopo la samli aliyokuja nayo muhula uliopita. Joto la Tabora lilikuwa limeshaifanyia samli hiyo unyama.

Masele alimtazama mwalimu. "Nitafukuzwa shule?"

"Lete," alisema mwalimu.

Harufu ilitufikia kabla ya kopo. Masele alitumbukiza mkono hadi kifundoni, akavuta mfuko wa nailoni uliochanika. Flashi ilikuwa ya manjano, ina unywele na sisimizi wawili waliokufa kifo kibaya.

"Naisafisha," akasema, akaitia mdomoni.

"Toa, mshenzi we!"

"Mate ni dawa, kaka." Akanitemea kiganjani.

Ilikuwa vuguvugu. Niliikausha kwa shati lake, si langu, nikaichomeka. Kompyuta ikawaka! Utafiti ulikuwepo wote, tukaunakili kwenye flashi hiyo hiyo. Lakini intaneti ilikuwa kwenye kompyuta ya mapajani ya mwalimu tu, ile mpya anayoivalisha kitambaa kama mtoto mchanga.

"Hapana," alisema mwalimu. "Uchafu huo hauingii humu. Tafuteni njia nyingine."

"Ipi, mwalimu?" nikauliza kwa unyenyekevu. "Tuwatume mende?"

"Mwalimu, nakuomba," alisema Adelina.

Mwalimu Nikolaus alifumba macho, akafunua kitambaa. Adelina aliifuta flashi kwa pindo la sketi, akaichomeka. Tone zito likachuruzika taratibu kuelekea kwenye kibodi. Hakuna aliyelizuia, maana kulizuia kulihitaji kidole.

"Imekwenda," Adelina alisema, akakaa sakafuni palepale.

Mwalimu alikuwa bado amefumba macho. "Masele, chomoa mwenyewe. Flashi hiyo nimeitaifisha."

"Nikuwekee wapi, mwalimu?"

"Kaa nayo."