Safari ya Masaa Matano

Fundi Saa alikuwa na sharti moja tu. Kitindamimba wake, muuguzi aliyepata kazi ng'ambo, aende popote apendapo, mradi baba mtu akizidiwa asubuhi, yeye awe amefika kabla ya jua kuzama. Tangu mama yake afariki walikuwa wamebaki wawili tu nyumba nzima.

Tiketi ilipokuja, mzee aliishika kwa mikono miwili, akabana lenzi yake ya kazi jichoni. Kuondoka saa mbili asubuhi. Kufika saa saba mchana, siku ileile. Mistari iliyobaki hakuona haja ya kuisoma; saa amwambie nani, yeye?

"Masaa matano!" akasema. "Kumbe ni hapo tu! Nenda na baraka zangu, mwanangu."

Binti akaikunja tiketi haraka, akaitia mkobani. Shangazi yake, aliyekuja kuiona tiketi, akajifanya anatafuta kijiko.

Siku ya safari, kwenye uwanja wa ndege, mzee alimvalisha saa ya mkononi aliyoitengeneza mwenyewe, kisha akarudi kibandani kwake. Ilipogonga saa saba akapiga simu. Hapatikani. Saa nane, hapatikani. Saa tisa akaangusha skrubu ndogo kama mbegu ya ufuta, wala hakuinama kuitafuta. Kufika saa kumi alikuwa ameacha kazi zote, anapiga simu bila kupumzika.

Shangazi alimkuta katika hali hiyo, nafsi ikamsuta.

"Kaka, tulia. Ndege bado iko angani. Safari yenyewe ni masaa kumi na moja. Kule wako nyuma yetu kwa masaa sita; saa saba ya kwenye tiketi ni saa za kwao."

"Nani mwingine alijua?"

"Mtaa mzima. Hata mshona viatu."

"Yaani wote mmejua, isipokuwa fundi saa!"

"Ungemkatalia, kaka."

Angemkatalia, ndiyo, na hilo ndilo lililozidi kumpandisha hasira. Akaapa kwamba akimpata tu, atamwamuru apande ndege ya kurudi.

Simu ililia saa moja na robo jioni.

"Baba, nimefika. Nisamehe, nilishindwa kukwambia." Binti alikuwa analia. "Ukisema nirudi, narudi kesho."

Mzee alikuwa na jibu lake tayari tangu alasiri. Lakini nyuma ya sauti ile alisikia magurudumu ya mabegi na watu wakiitana kwa lugha asiyoijua. Mtoto yuko mbali, mbali kweli, na ni mzima. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo, na hasira ikakosa pa kukaa.

"Saa umeivaa?"

"Ninayo mkononi. Nataka niirudishe nyuma masaa sita, iende na saa za huku."

"Wewe! Nilikufundisha nini? Hiyo hairudishwi nyuma, utavunja meno ya gia zake." Akajifuta macho kwa kiganja. "Ipeleke mbele masaa sita. Mishale itafika palepale."



"Mbele, baba?"

"Mbele, mwanangu."