Bei Ileile

Walipokuja kuchukua cherehani, mama alikuwa katikati ya pindo. Hakusimama. "Subirini nimalize, nguo ni ya mtu hii," aliwaambia, akaendelea kukanyaga pedali kana kwamba wale wanaume wawili mlangoni ni wateja waliowahi mno. Fundi wa sokoni, aliyeinunua cherehani hiyo, alikuwa na adabu ya kutosha kutazama dari. Baba alikuwa nje, anajifanya anasafisha injini ya mashine ya kusaga. Pindo lilipoisha mama alikata uzi kwa meno, akachomoa sindano, akaichomeka kwenye ukosi wa blauzi yake.

"Sindano inabaki," alisema. Hakuna aliyebisha.

Cherehani ile hakupewa na mtu. Aliinunua kabla hajaolewa, baada ya miaka ya kushona kwa mkono hadi vidole vikaota sugu, na aliingia nayo kwenye ndoa kama wengine wanavyoingia na vyombo. Baba naye alikuwa na mashine yake ya dizeli, ndani ya kibanda cha mabati kilichoegemea nyumba. Mmoja alisaga, mwingine alishona, na hatukuwa watu wa kuhurumiwa.

Kisha serikali ikaondoa ruzuku ya mafuta. Waziri alisema redioni kwamba sasa uchumi utapumua. Hakusema ni nani atakayekosa pumzi. Dizeli ikapanda, na wenye mashine wote wa pale mtaani wakafuta bei ya zamani ukutani wakaandika mpya. Baba hakufuta. Alitoka kibandani na unga kwenye nyusi, akawatazama akina mama waliopanga beseni zao kwenye foleni.

"Kwangu bei ni ileile," alisema. "Siwezi kuwakamua nyinyi kwa mambo ya wakubwa."

Wakampigia vigelegele. Nilikuwa msichana mdogo, nami nilipiga, tena kuwashinda. Nani asingependa kuwa binti wa mtu kama yule?

Jina la Bei Ileile likamganda. Watu wakaanza kuja kutoka mitaa ya mbali, na foleni ikaizunguka nyumba hadi mlango wa jikoni. Hapo ndipo mambo yalipotugeukia, kwa sababu kila debe alilosaga kwa bei ile lilikunywa mafuta mengi kuliko lilivyolipa. Wateja walivyozidi kuongezeka ndivyo tulivyozidi kuzama. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baba yangu aliposifiwa alitia dizeli, na dizeli hiyo ilitoka kwenye miguu ya mama, aliyekuwa anakanyaga pedali hadi magoti yakavimba.

Sifa zilimfikisha mahali pabaya zaidi. Kuna unga unaobaki kwenye mfuko wa mashine, ule mfuko mrefu wa kitambaa unaomwaga unga kwenye beseni. Kila msagaji huupeleka nyumbani kwake, na hakuna mteja anayeudai. Baba akaanza kuukung'uta mfuko mbele ya watu mpaka chembe ya mwisho. "Ni haki yenu," aliwaambia. Sisi, watoto wa msagaji, tukawa tunatumwa dukani kununua unga.

Mama alisema naye mara moja tu nikiwapo. Alikuwa anamhesabia pesa za mafuta, alizopata kwa kushona sare za shule.

"Baba watoto, pandisha kidogo tu. Usifike walikofika wenzako."

"Watasema nini?"

"Nani?"

"Watu." Akazikunja noti bila kuzitazama. "Mama watoto, kutoa ni moyo."

"Moyo ni wako," mama alisema. "Kinachotolewa ni changu."

Baba akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha mtu anayependwa, na nilimchukia mama kidogo kwa kukitia mchanga.

Msimu wa sare ulipopita, kazi ya kushona ikapungua, na tangi likakauka. Ndipo cherehani ikauzwa. Baba aliapa kuikomboa. Alinunua mapipa ya dizeli, akasaga kwa bei ileile mpaka yakaisha, na yalipoisha hapakuwa tena na kitu cha kuuza isipokuwa mashine yenyewe. Akafuta ukuta. Akaandika bei ambayo kila mtu alikuwa akiitoza tangu mwanzo.

Nilikuwa pale waliposoma. Mama mmoja, ambaye baba alikuwa akimsagia bure siku za shida, alinyanyua beseni lake akajitwika kichwani.

"Kumbe na wewe ni walewale," alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyedanganywa na ndugu. Wengine wakamfuata, wakaenda kwenye mashine ya ng'ambo ya barabara, iliyokuwa na bei hiyohiyo, maana yule wa ng'ambo hakuwahi kuwaahidi kitu. Baba alikaa juu ya pipa tupu hadi kibanda kikaingia kivuli. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo bado naijutia, kwa sababu mama alikuwa jikoni na hakuna aliyekwenda kumtazama.

Mama alienda kuomba kazi kwa fundi wa sokoni. Akapewa. Alikalishwa kwenye cherehani yake mwenyewe, akawa analipwa kwa kila nguo, na uzi ukikatika gharama ilikuwa juu yake. Alifanya hivyo hadi macho yalipomchoka. Cherehani haikukombolewa. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kwa nini hakumgomea baba, akaniambia ningegoma mimi basi, si nilikuwa napiga vigelegele.

Baba alipofariki, nyumba haikutosha watu. Walijaa uani, wakajaa barabarani, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka siku aliyofuta ukuta. Walikumbuka bei ileile. Walisema hatazaliwa tena mtu kama yule. Yule mama wa beseni, sasa ni bibi, alisogea akaketi karibu na mama mkekani.

"Dada, mlibahatika," alimwambia. "Mtu yule alikuwa na huruma."

"Ni kweli," mama akasema. "Nyinyi mlimfaidi."

Yule bibi alidhani ameshukuriwa. Akamshika mama mkono, akamwambia asante sana.