Chungu cha Kizingiti cha Mnazini

Wallahi, na wallahi ya pili kwa asiyetosheka na moja: haya ninayoyaandika yalinitokea mimi, kwa macho haya na miguu hii, na sikuongeza hata chumvi ya kuonjea. Mimi ni Amade, mstaafu wa mashine ya kukoboa mpunga. Shule yangu ni chuo cha Kurani na magazeti yaliyofungiwa samaki, lakini kweli naijua nikikutana nayo. Na ili msomaji atulie, naweka dhamana: likipatikana humu neno moja la uongo, jogoo wangu Gavana achinjwe. Nimempa jina hilo kwa sababu huingia nyua za watu na kuwika kama ni zake.

Haya. Ilikuwa miaka ile ya vita vya ukombozi, na serikali ya Wareno ikatoa amri watu wote wa pwani wahamie barabarani, kwenye vijiji vya kuzungushiwa seng'enge, ili wasiwapelekee chakula wapiganaji wa msituni. Sisi tulikuwa Mnazini, mwendo wa asubuhi nzima kutoka barabara ya Olumbi. Sipai, yaani askari mweusi wa serikali, akaja na kipaza sauti, akasema tuna siku kumi, na watakaotangulia watachagua viwanja.

Wenzangu wote wakaanza kulia. Mimi nikaanza kupiga hesabu. Nikamwambia mke wangu Saquina, "Kesho tunahama. Tuchukue kiwanja cha karibu na kisima kabla wajinga hawajaamka."

"Kesho?" akasema. "Na chungu cha kizingiti?"

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Nyumba ile ilikuwa ya bibi yake mzaa mama, na chini ya kizingiti bibi alifukia chungu kidogo kilichosomewa na mwalimu, cha kuzuia balaa isivuke mlango. Mtu akihama hukifukua kwa dua na ubani, akakifukia kizingiti kipya, ndipo hulala. Kazi hiyo inataka mwalimu, na mwalimu alikuwa na msiba upande wa Namoto.

"Tutakirudia keshokutwa," nikasema. "Chungu hakina miguu."

Nikang'oa mlango wangu wa mninga, nikaubeba mgongoni, tukaenda. Tulifika wa kwanza. Sipai akacheka, akanipa nyumba namba moja.

Jamani. Nilipoiona nilisimama na mlango wangu mgongoni kama konokono aliyesahau njia. Karibu na kisima ilikuwa kweli, lakini kisima kilikuwa ubavuni mwa geti, na geti lilikuwa chini ya mnara wa tropa, wanajeshi wa Kireno. Askari wa juu alikuwa anaona ndani ya sufuria yetu. Nyumba zilipangwa mistari miwili, zinatazamana uso kwa uso, hata ukifungua mlango wako unakutana na kitanda cha mwenzako. Namba ilipakwa chokaa ukutani, kubwa kama ya gunia la pamba. Na mlango wangu haukuingia. Ulikuwa umezidi kwa viganja viwili.

Saquina aliingia mbele, akatokea nyuma. Akasimama. Nyuma hakukuwa na kitu, ni waya tu.

"Ua uko wapi?"

"Tutajenga."

"Wapi, juu ya seng'enge? Nitaogea wapi, Amade? Nitapikia wapi? Nitakaa wapi na wenzangu? Hii nyumba haina mgongo!"

Akaketi juu ya furushi lake nje ya mlango, na hapo ndipo alipohamia. Siku ya kwanza, siku ya pili. Alipika nje, alilala barazani, ndani hakutia mguu. Keshokutwa yangu ikafika na njia ikafungwa: tropa hawakungoja siku kumi ziishe, waliwaswaga waliobaki wakasema wanasafisha pwani. Tukaona moshi upande wa Mnazini.

Siku hiyo Saquina akaniambia, taratibu, na mimi huogopa sana akisema taratibu: "Uliniharakisha nikaacha nyumba ya bibi yangu wazi. Ijumaa ikifika na chungu hakijaja, navuka Ruvuma kwa kaka yangu. Talaka utanitumia kwa mtu."

Na watu walikuwa wanavuka kweli. Nyumba tatu za mstari wetu zilikuwa zimeshabaki tupu. Nilijuta mimi, nilijuta mpaka meno yakaniuma. Kiwanja nimekipata, mke anaondoka.

Basi Alhamisi alfajiri nikaenda kwa mkubwa wa kijiji, nikaomba guia, ile karatasi ya ruhusa ya kutembea, nikapewa yenye muhuri mwekundu. Nikatoka getini kifua mbele. Nikafika Mnazini, na nikapigwa na butwaa. Mnazini haikuwepo. Kuta nyeusi, minazi imekatika vichwa. Na kwa vile kila mtu alihama na mlango wake, nyumba zote zilikuwa mianya mitupu, sikuijua yangu. Nilizunguka kama mgeni kijijini kwetu.

Nikaijua kwa mpangaji. Kizingitini kwangu alikuwa amelala simba.

Simba, ndiyo. Dume. Kichwa barazani, mkia umetokea dirisha la nyuma. Nikapiga hodi, maana adabu ni adabu. Akafungua jicho moja. Nikamwambia, "Bwana mkubwa, nyumba hii tumeihama siku nane tu, na kuna mzigo wetu chini ya tumbo lako." Akanguruma. Nikatoa guia, nikamnyooshea. Akanusa, akafika kwenye muhuri, akapiga chafya, akasimama, akasogea pembeni kwa heshima zote. Miaka ile muhuri wa serikali hata simba aliuogopa. Nikachimba, naye ameketi ananiangalia kama fundi mkuu. Nikakitoa chungu kizima, nikamshukuru, nikarudi.

Saquina alinipokea mlangoni kwa machozi. Tukakifukia siku ile ile, dua nikaisoma mwenyewe maana mwalimu alikuwa bado msibani, tukafukiza ubani, akaingia ndani. Hakuvuka Ruvuma. Hiyo ndiyo kweli yote.

Nilipofika hapo jana nikaona nimeandika vizuri mno kusoma peke yangu. Saquina alikuwa uani, maana ua tulikuja kuujenga baada ya uhuru seng'enge ilipong'olewa, anachambua mchele na Deolinda, jirani yetu Mmakonde tangu siku za namba. Mumewe Zacarias ni marehemu. Nikawasomea yote, tangu wallahi mpaka kweli yote.

Deolinda ndiye aliyeanza kucheka. Alijizuia kwenye guia, akashindwa kwenye chafya.

"Mtani," akasema, anajifuta macho, "wiki ile guia haikutolewa hata kwa padri. Geti lilifungwa kwa kufuli."

"Wewe ulikuwa shamba," nikasema.

"Shamba lipi, nje ya waya? Nilikuwa nyumbani kwangu. Na wewe ulikuwa nyumbani kwangu. Ulikuwa ndani ya kihenge changu cha mtama kutwa nzima, na Zacarias anakupitishia maji kwa kifuu!"

Nikamtazama Saquina. Nilitegemea ashtuke. Anachambua mchele.

"Na chungu," Deolinda akaendelea, "nilikuwa napikia kunde."

"Deolinda! Uliapa!"

"Nilimwapia mwanamume. Kesho yake nikamwambia mwanamke mwenzangu kisimani."

Miaka arobaini! Kila mwezi wa Shaabani nafukiza kizingiti kile, nasoma, macho nimefumba, na hawa wawili nyuma yangu wamejiziba midomo kwa leso. Nilidhani wanalia.

"Hata asingeniambia," Saquina akasema. "Vyungu vya kwetu pwani ni laini. Kile kina chale shingoni kama za Deolinda usoni. Wewe unakijua chungu kwa kilichomo tu. Tena ulisema umejaa vumbi la Mnazini. Mchanga wa Mnazini mweupe, Amade. Ulikuwa na makapi ya mtama mpaka kwenye nyusi."

"Sasa mbona uliingia ndani?" Sauti yangu ilitoka nyembamba, nakiri. "Mbona hukuvuka?"

Akaweka ungo chini.

"Ulipoondoka alfajiri ile nilijuta kabla hujamaliza mstari wa nyumba. Tropa walikuwa wanapiga risasi chochote kinachotembea nje ya waya. Nikasema, nimemuua mume wangu kwa chungu. Niliketi kizingitini kutwa, naomba usiwe umepenya waya ukaenda. Jioni nikakuona unachungulia nyuma ya nyumba ya Zacarias, umekumbatia chungu cha kunde, kichwa kimejaa makapi." Akacheka kidogo. "Nikasema alhamdulillahi, nimepata mume mwoga. Ndipo nikaingia ndani. Cha bibi kiko alikokiweka. Mpaka leo kinaniuma. Lakini siwezi kukiambia kuwa ni bora wewe ungekifuata ukafa."

Nikauokota ungo, nikachambua mchele. Mimi. Andikeni hilo mahali.

Deolinda akakohoa. "Na yule simba?"

"Simba," nikasema, "huenda alikuwepo. Mimi sikwenda kumwona, ndiyo maana siwezi kumkanusha."

"Soma mwanzo wa daftari," Saquina akasema. "Pale penye dhamana."

Nikasoma. Gavana alikuwa juu ya ukuta wa Deolinda, anawika.

Nimemchinja leo asubuhi, mwenyewe, kwa mkono huu. Deolinda amechukua mapaja mawili, moja lake, moja la Zacarias, eti maji ya kifuu yalikuwa ya kazi. Na firigisi, ambayo tangu dunia iumbwe ni ya mwenye nyumba, niliiweka kwenye sahani ndogo, nikaipeleka kwa mikono miwili kizingitini, juu ya chungu cha kunde, alipoketi Saquina. Akaila polepole, ananiangalia. Hakunibakishia.