Nusu ya Jina

Dada yangu ni fundi cherehani, na muda mwingi huongea pini zikiwa zimebanwa katikati ya midomo yake. Huzitoa kwa sababu mbili tu: kula na kugomba. Siku ile alizitoa zote, akazichomeka moja moja kwenye kijimto chake cha sindano, na mezani hapakuwa na chakula.

"Nasikia wamemrudisha," alisema.

"Wamemrudisha."

"Na wewe ndiye utamtangaza."

"Dada, mimi natangaza wote. Hata refa namtangaza, na hakuna anayempenda."

Hakucheka. Mji mzima unanijua kwa mdomo huu. Siku za kazi nauza rangi za nyumba dukani, na timu yetu ikicheza nyumbani nakaa kwenye kibanda juu ya jukwaa kuu, kipaza sauti mkononi. Wapo wateja wanaokuja kuulizia bei ya rangi ambayo hawana ukuta wa kuipaka, ili tu wanisikie. Lakini mbele ya dada yangu mdomo huu haujawahi kufua dafu.

Mtu aliyerudishwa alikuwa mshambuliaji wetu, namba tisa. Jina la Kombora nilimpa mimi, kwa ajili ya mashuti yake. Kwenye uwanja wetu tuna desturi: mtangazaji hutaja namba ya mchezaji na nusu ya jina lake la utani, halafu watu humalizia. Nikisema "Namba tisa, Komboooo," uwanja mzima unaitikia "Raaa!" Nimewapa wengi majina, lakini hakuna lililokuwa tamu mdomoni kama lile.

Kisha, alfajiri moja, Kombora alitoka kwenye starehe zake akiwa amelewa chakari, akaendesha gari, akamgonga mtu wa baiskeli aliyebeba kreti la mikate. Hakusimama. Alikwenda kwake, akaegesha gari vizuri, akalala. Daktari aliiambia mahakama kwamba majeruhi yule angewahishwa hospitali, huenda angepona. Mtu wa baiskeli alikuwa shemeji yangu, mume wa dada.

Kombora alifungwa. Alitoka msimu huu, wakati timu yetu ilikuwa mkiani na maji yametufika shingoni. Siku alipotoka alimtuma mama yake kwa dada. Dada alimkaribisha mama wa watu, akamkalisha uani, wakaongea. Waliongea nini, hakuniambia.

"Sisemi asicheze," dada aliendelea. "Kucheza ndiyo kazi anayoijua, na mtu akitoka jela lazima ale. Acheze. Lakini kushangiliwa si kazi. Wakitaka kumshangilia, wamshangilie wao. Wewe umekula kwangu, umelala kwangu, na shemeji yako ndiye aliyekufundisha kuendesha baiskeli. Mtaje kama karani anavyoita mtu kwenye foleni. Namba na jina alilopewa na wazazi wake. Lile jina lako usimpe."

"Simpi."

"Niapie."

Nikaapa. Dada akarudisha pini mdomoni.

Niliapa kwa moyo wangu wote, ila moyo wenyewe ulikuwa na doa. Mwenyekiti wa klabu aliponipigia simu kuniambia namba tisa anarudi, kabla sijamkumbuka shemeji, kabla sijamkumbuka dada, nilikuwa nimeshafurahi. Ilikuwa furaha fupi, lakini ilitangulia. Nilijiona mchafu kwa siku kadhaa, na nikawa nanunua vitu nisivyohitaji na kumpelekea dada: sabuni, sukari, balbu ya taa.

Kinyozi wangu alikuwa na msimamo wake. "Kaka, jamaa amemaliza kifungo. Mnataka amalize mara ngapi?" Mteja aliyekuwa akisubiri zamu akadakia kwamba aliyeko kaburini yeye hatoki. Wakabishana weee, mpaka mashine ikapita mahali isipotakiwa. Wakaniuliza mimi nasemaje, nikamwambia kinyozi anyoe kwanza upande wa pili. Nimezoea kukwepa kwa mzaha, na siku zote watu hucheka, wakaniacha.

Nyumba ya dada iko nyuma ya jukwaa dogo, na spika moja ya uwanja inaelekea uani kwake moja kwa moja. Shemeji aliichagua nyumba ile kwa sababu hiyo. Siku za mechi zilipoangukia mapumziko yake, alimsaidia dada kuanika nguo, na nikitaja nusu ya jina, yeye alimalizia kwa sauti kubwa huko uani. Dada alikuwa akimwambia anyamaze, majirani wanamwona chizi. Mwisho naye akaanza kuitikia. Nilikuwa nikipita kula kwao baada ya mechi, wananisimulia huku wanavunjika mbavu.

Siku ya mechi ya kuamua kama tunashuka daraja au tunabaki, namba tisa alinisubiri kwenye ngazi za kibanda. Nilikuwa nimejiandaa kutomsalimia. Alikuwa amekonda, nywele zimeanza kumtoka, na jezi ilimpwaya mabegani.

"Kaka, shikamoo," alisema. Zamani hakuwa akiniamkia.

Nilijikuta nimeitikia. "Marahaba."

"Nina ombi. Usiniite lile jina."

"Kwa nini?"

"Yule mwenye jina lile ndiye aliyekuwa anaendesha gari," alisema. "Mimi sitaki kumsikia. Na najua dada yako anasikia kule nyuma. Nitaje namba tu."

"Ndivyo nilivyopanga," nilimjibu, kwa sauti kavu kuliko nilivyotaka.

"Asante," akasema, akashuka ngazi taratibu, kama mtu anayeogopa kuchafua.

Nilikaa kwenye kiti changu nikiwa mwepesi. Watu wawili tu walikuwa na haki ya kusema juu ya jina lile, na wote wawili walikuwa wamesema neno moja. Kazi yangu ilikuwa rahisi mno, hata mtoto angeiweza.

Nilipofika namba tisa nilitaja namba, nikataja jina lake la nyumbani, nikanyamaza. Uwanja ulisubiri. Mtu mmoja akapiga mluzi. Kisha vijana wa jukwaani wakalitamka lile la utani lote wenyewe, bila mimi, nami nikakunja mikono kifuani. Nilijiona mtu mzima mwenye neno lake, na nikamwazia dada uani, akisikia jinsi nilivyonyamaza.

Mechi ilikuwa ngumu. Tulihitaji ushindi, na mpaka kipindi cha pili kuelekea mwisho ilikuwa sare, bila bila. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kumlaumu refa, dalili ya kwamba amekata tamaa. Ndipo winga wetu akapiga krosi mbovu, ikaenda nyuma ya kila mtu, ikamkuta namba tisa nje ya boksi, akiwa ameligeuzia goli mgongo. Aligeuka. Sikuona mguu ukienda, niliona wavu tu ukivimba.

Nilikuwa nimesimama. Kiti kilikuwa kimeanguka nyuma yangu, na kipaza sauti kilikuwa mdomoni.

"Namba tisaaa! Komboooooo!"

"Raaaaa!"

Uwanja ulitetemeka. Nami nilikuwa nacheka, machozi yananitoka, nimefurahi kuliko nilivyofurahi siku ya harusi yangu. Lazima niseme hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa. Furaha ile ilidumu kadiri ya mwangwi wa sauti yangu mwenyewe, iliyokwenda ikagonga jukwaa dogo na kurudi. Niliposikia imetokea upande gani, upande wa uani kwa dada, nikashusha kipaza sauti.

Chini uwanjani wenzake walikuwa wamemrukia. Yeye hakushangilia. Alijitoa katikati yao, akasimama mikono kiunoni, akainua uso kutazama kibanda changu. Sikuweza kumtazama. Niliinama kuokota kiti, nikabaki pale chini muda mrefu kuliko kiti kilivyohitaji.

Tulibaki daraja letu. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa watu waliingia uwanjani wakicheza, mwenyekiti akanikumbatia, akasema sauti yangu ile ndiyo ilikuwa goli la pili. Nilimwachia kipaza sauti na kuondoka kupitia lango la nyuma.

Dada alikuwa uani, kamba ya nguo nusu imejaa. Alikuwa anaanika shuka. Nilikaa kwenye kigoda kando ya beseni bila kukaribishwa.

"Dada, nimekukosea."

"Nimesikia."

"Sikukusudia. Mdomo ulinitangulia."

"Usiniambie habari za mdomo." Alinyoosha kona ya shuka, akabana kibanio. "Nilikuwa hapa hapa. Ulivyoanza kulitaja, niliitikia."

Sikumwelewa.

"Niliitikia, mdogo wangu. Kwa sauti, mpaka jirani akachungulia. Nikamalizia lile jina, la mtu aliyeniachia mume wangu barabarani. Halafu nikageuka huku." Alionyesha mwisho wa kamba, palipokuwa patupu. "Nikageuka nimwone shemeji yako, tucheke."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitafuta mzaha na sikuupata, na hata ningeupata ningeumeza. Ng'ambo ya ukuta watu walikuwa bado wanaliimba jina lile, nusu kwa nusu, jukwaa moja likianza na jingine likimalizia. Niliwafundisha mimi.

"Naacha kazi ile," nilisema. "Kesho namwambia mwenyekiti."

"Uache ili iweje? Ili kila nikikuona dukani nikumbuke umeacha kwa ajili yangu? Huo mzigo usinitwike."

"Basi niambie nifanye nini. Nipe nafasi nyingine, dada. Nafasi moja tu."

Alisimama, kibanio mkononi, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Mama yake alikaa hapo hapo ulipokaa," alisema. "Akasema maneno hayo hayo, kwa niaba ya mwanawe."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimpikia chai."

Alichukua beseni tupu, akaingia ndani. Nilibaki kwenye kigoda, nikisikiliza. Nilisikia beseni likiwekwa chini. Nilisikia kiti kikivutwa, halafu cherehani ikaanza kulia, ikaendelea, na jua likaondoka uani. Mimi sikupikiwa chai.