Farasi wa Manispaa Hana Kidonda

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, mtunza farasi wa manispaa aliweka ndoo ya maji chini, akachukua brashi, akakuta ubavu wa kushoto wa farasi una tundu lenye ukubwa wa sahani. Kupitia tundu hilo aliona ukuta, na ukutani aliona msumari, na kwenye msumari aliona mfuko wake wa chakula cha mchana, alioutundika upande wa pili wa farasi dakika chache tu zilizopita.

Alijaribu kupitisha mkono. Haukupita. Ulikutana na ubavu uleule wa siku zote, wa moto, wenye magamba na manyoya yaliyokatika, na chini yake mbavu zikipanda na kushuka. Farasi alikuwepo, ila pale alipojing'ata sana alikuwa haonekani tena. Mtunzaji alimpiga brashi kote, panapoonekana na pasipoonekana, kwa sababu muwasho hauchagui. Kisha akanawa mikono, akaenda kuandika barua ya kumi na nne.

Manispaa nzima ilimwita mtunzaji huyo Shangazi, hata waliomzidi umri. Farasi naye aliitwa Kaimu. Alinunuliwa kushika nafasi kwa muda baada ya farasi wa kwanza kufa, na katika jalada lake halikuongezwa neno jingine, ingawa alikuwa amembeba meya kwenye kila sherehe kwa miaka tisa. Mameya walibadilika, Kaimu akabaki kaimu.

Banda lake lilikuwa nyuma ya gereji ya magari ya taka, kando ya mtaro ambao haukuwahi kuzibuliwa tangu uzibe. Jua likianza kushuka, usubi walitoka mtaroni na kuingia dirishani, nao walikuwa ndio watumishi pekee wa eneo hilo waliowahi kazini. Walimuuma tumboni, mgongoni na kwenye shina la mkia. Kaimu alijisugua kwenye nguzo mpaka mkia ukabaki kama ufito, na nguzo isipofika alifikisha meno. Farasi wawili wakiwa pamoja husimama mmoja akielekea mkia wa mwenzake, wakakunana pale shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo farasi hawezi kujifikia. Kaimu alikuwa peke yake. Kila jioni Shangazi alimkuna hapo mpaka vidole vikafa ganzi, naye Kaimu alilegeza mdomo wa chini na kufumba macho. Shangazi alimpenda kuliko alivyowapenda baadhi ya ndugu zake, na ndugu hao walishaambiwa.

Barua zote kumi na tatu za mwanzo ziliomba mtaro uzibuliwe na dirisha liwekwe wavu. Ziliomba pia Kaimu apatiwe mwenzake, au angalau jioni afungwe kwenye nyasi za mbele ya ofisi, penye upepo ambao usubi hawauwezi. Kwenye nyasi hizo palikuwa na kibao kinachokataza kukanyaga. Hakuna aliyejua zilikuwa zimewekewa nani.

Daktari wa mifugo alikuja Alhamisi, maana Alhamisi ndiyo siku yake ya wanyama. Kufikia hapo Kaimu alikuwa amekwisha ubavu mzima na paja moja. Daktari alisimama mlangoni, fomu mkononi, kama kawaida yake.

"Kidonda kipo, hakipo?"

"Sogea umshike, daktari. Kinachuruzika."

"Fomu inasema kinachoonekana, Shangazi."

"Sasa wewe unaona nini?"

"Naona msumari."

"Basi andika msumari."

"Msumari hauna nafasi humu."

Aliandika hakipo. Akaongeza, kwa mwandiko wake mzuri, kwamba mnyama anaendelea vyema sana, kwa kuwa mwezi uliopita alikuwa na vidonda saba. Aliacha chupa ya dawa ya kupaka mara mbili kwa siku kwenye sehemu iliyoathirika, pindi itakapoonekana.

Katibu wa manispaa alikuwa mtu wa kwenda kwenye kiini cha mambo. Aliisoma barua ya kumi na nne, akaitisha kikao, na kikao kikaamua kwamba kiini ni meno. Usubi wako kila mahali, alieleza katibu, lakini anayejing'ata ni farasi mwenyewe, kwa hiari yake, tena saa za kazi. Kikaagizwa kikapu cha chuma cha kumfunga mdomo.

"Ukimfunga mdomo, katibu, muwasho si uko palepale?" alisema Shangazi.

"Muwasho haumo kwenye mpango wa mwaka huu. Mwaka huu tunashughulikia meno."

Meno ya farasi hayafiki usoni wala nyuma ya masikio, kwa hiyo kichwa cha Kaimu kilikuwa kimesalimika. Kikapu kilirekebisha upungufu huo. Alipozuiwa kung'ata alisugua, na alisugua mashavu, paji la uso na singa kwenye nguzo kutwa nzima. Siku ya kufungua jengo jipya la ofisi alikuwa amebaki masikio mawili na jicho la kulia, na Shangazi alimtandika kwa kupapasa. Meya alipanda, akakaa hewani kwa heshima zote, blanketi lenye nembo likining'inia kulia na kushoto, kwato zikigonga lami. Watu walipiga makofi. Mpiga picha alimwomba mheshimiwa ainue kidevu kidogo. Aliposhuka, meya alimwambia katibu kwamba farasi amekuwa mwepesi na kwamba, kwa mara ya kwanza, blanketi halikuonyesha damu.

Jioni hiyo Shangazi alilia huku akimkuna. Hakumlilia kwa kuwa hamwoni. Alimlilia kwa kuwa vidole vilimweleza hali ya ngozi yake.

Mwisho wa mwezi masikio na jicho navyo vilikwisha. Daktari aliandika kwamba farasi amepona. Katibu alifunga jalada, Kaimu akavuliwa kikapu, kikapu kikarudishwa stoo, na banda likaandikwa kuwa liko wazi. Kwa kuwa meya hawezi kupanda mnyama ambaye jalada lake limefungwa, aliletwa farasi mwingine, jike mwekundu wa miaka minne.

"Humo ndani mwenyewe yumo," Shangazi alimwambia katibu.

"Umemwona?"

"Nimemlisha asubuhi hii."

"Sikuuliza hilo, Shangazi."

Jike aliingizwa. Alisimama upande mmoja wa banda bila kuelekezwa, akanusa hewa, akanyoosha shingo na kuanza kuikwaruza hewa hiyo kwa meno, taratibu. Na manyoya yake mwenyewe, pale shingo inapokutana na mgongo, yakaanza kulala na kuinuka, kulala na kuinuka. Usubi walipofika, kila farasi alimfukuzia mwenzake kwa mkia. Shangazi aligeuza ndoo akaikalia. Kwa miaka tisa alikuwa amepigwa danadana, na sasa alichokiomba kilikuwa kimetolewa na watu wasiojua kwamba wametoa. Alicheka peke yake mpaka mlinzi wa gereji akaja kuchungulia.

Majuma matatu yalipita jike asijing'ate hata mara moja. Alipompapasa Kaimu, Shangazi alikuta magamba yamekwisha na manyoya mapya yanaota, mafupi, laini. Kisha, asubuhi moja, aliona kipande cha farasi hewani. Kilikuwa na ukubwa wa kiganja, cha kijivu, pale hasa alipokuwa akikunwa na jike. Kesho yake kilikuwa kimefika begani. Kaimu alikuwa anarudi.

Hapo Shangazi alifanya kosa. Alikuwa mtu mwenye adabu, na alizoea kuandika, kwa hiyo aliandika barua ya kumi na tano, ya kushukuru.

Katibu alikuja mwenyewe kwa mara ya kwanza, leso puani. Alitazama sakafu, akatazama jike alivyojibana ukutani, akapima kwa hatua.

"Nusu ya banda imekaa bure," alisema. "Na gereji wanalia hawana pa kuweka matairi mabovu."

"Tazama pale juu, katibu. Lile bega. Ni yeye."

Katibu aliinua macho, akalitazama bega la kijivu kwa makini.

"Naliona," alisema. "Ila hilo haliwezi kuzuia matairi."

Seremala alifika Jumatano. Alipigilia mbao kutoka sakafuni hadi kwenye paa, katikati ya banda, huku kitu fulani kikimsukuma kila mara mgongoni, naye akasema humu ndani kuna upepo. Matairi yalipangwa upande wa pili. Alhamisi daktari alisimama mlangoni, akamkuta jike hana kidonda, akaandika kwamba ukarabati umeleta mafanikio. Wavu haukuwekwa, kwa kuwa ulikuwa hauhitajiki tena.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, Shangazi alifika na ndoo mbili. Moja aliisukuma kati ya matairi, akasubiri mpaka aliposikia maji yakinywewa, kisha nguzo ikianza kusuguliwa. Ya pili aliiweka mbele ya jike, akachukua brashi.

Bega la jike lilikuwa na tundu lenye ukubwa wa sahani. Shangazi aliinama akatazama. Kupitia humo aliziona mbao za seremala, mpya, zimepigwa randa vizuri, hazina mwanya hata wa kupitisha jino.