Injini ya Baba Amosi

Wazazi wenzangu wa Kigoma, hasa akina mama wenye vijana wanaopenda magari, nawaandikia haya mapema, wakati bado mna nafasi ya kuuliza maswali. Mimi nimeishia darasa la saba, na mashindano ya magari siyajui. Lakini mtu akininyooshea mkono wa kulia kunipa kitu, mimi huangalia wa kushoto unafanya nini.

Mwanangu Amosi ni fundi magari, hapa hapa Buzebazeba. Siku moja alirudi nyumbani na gari limefungwa kamba nyuma ya trekta. Ilikuwa Selika, ya milango miwili, fupi, imelala chini kama mbwa aliyechapwa. Bodi imeoza chini ya milango. Kioo cha nyuma hakuna. Kwenye kiti cha dereva kuku walikuwa wametagia.

"Hili umeliokota wapi?" nikamuuliza.

"Nimelinunua, mama."

"Kwa nani?"

"Mtu mmoja wa Mwanga."

"Huyo mtu wa Mwanga hana jina?"

Akacheka, akaanza kuwatoa kuku.

Baadaye alinieleza. Kuna mfanyabiashara anaitwa Feliksi, anauza magari yaliyotumika, ana yadi mjini na nyingine Kahama. Bwana huyo alikuwa ameanzisha mashindano ya mafundi vijana. Kila mmoja atafute gari la michezo lililokufa, alifufue, halafu siku ya siku washindane kwenye barabara ya vumbi inayopanda kati ya mashamba ya michikichi. Sharti kubwa ni moja: bei ya gari na vipuri vyote isizidi kikomo alichoweka yeye. Na kikomo chenyewe hakikutosha kununua hata pikipiki mbili mpya. Mshindi angepewa vifaa kamili vya gereji, pamoja na kompresa na mashine ya kuchomelea.

Nikamuuliza, "Na huyo Feliksi anapata nini?"

"Anapata jina, mama."

"Mtu mwenye tumbo lile hashibi jina."

"Wewe kila mtu unamtilia shaka," akasema. "Hata mchungaji akihubiri kwa ufupi unauliza anawahi wapi."

Ni kweli niliuliza. Na hatujajibiwa.

Kazi ikaanza. Amosi alikata mabati ya mapipa akaziba pale palipooza, akapiga puti, akasugua kwa msasa mpaka mikono ikawa myeupe. Zile taa za mbele zinazofumba na kufumbua, moja iligoma, akaifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli ibaki wazi. Wateja wake wa kawaida walisubiri, wengine wakaenda kwa mafundi wengine. Nilikuwa nakamua mawese uani huku namwangalia, nikijiuliza hasara hii itaandikwa kwa nani.

Halafu akaingia Nasri. Huyu ni kijana wa Ujiji, anauza vipuri vilivyotumika, vingi vinavuka ziwa kutoka upande wa Kongo. Ana maneno matamu na hakai kimya. Alikuja na tairi nne na shokapu, akaziweka chini, akakataa hela.

"Nikilipwa mtapita kikomo," akasema. "Tairi zangu hizi. Zinalala kwenu tu, Mama Amosi. Zichukulie kama wageni."

"Mgeni siku ya tatu hupewa jembe."

"Mpe basi, mama. Zitalima."

Alipoondoka nilimwambia Amosi, "Mtu wa Ujiji hatoi tairi nne bure. Huyo katumwa."

"Katumwa na nani?"

Nikarudi kwenye mawese yangu. Lakini nilianza kumhesabu Nasri miongoni mwa watu wa kuangaliwa.

Ilipofika zamu ya injini, ile ya Selika ilikutwa imepasuka. Kununua nyingine hakukuwezekana, kikomo kilikuwa kimebaki kama ukucha. Sasa niwaambie. Marehemu mume wangu, Jeremia, alikuwa na teksi, Karina nyeupe. Ilipopata ajali bodi tuliiuza chuma chakavu, injini tukaitunza. Alipofariki ikabaki bandani, nimeifunika turubai, nyuma ya madumu yangu ya mawese. Kila mwaka naifuta vumbi. Sijui kwa nini, naifuta tu.

Amosi alilizunguka lile banda kama paka aliyesikia harufu ya migebuka. Mwisho akasema, "Mama, injini ya Karina na ya Selika ni ndugu. Inaingia bila kukata kitu."

Nikamtazama. "Ulijua hivyo siku uliyonunua hilo gari?"

Akaangalia chini.

"Amosi, nakuuliza."

"Nilijua."

Basi nilikasirika mpaka nikamwaga mawese. Lakini alikuwa mwanangu, na ile injini ilikuwa inakaa bure. Nikafikiri, nikasema itoke kwa utaratibu wa kipe.

Kwa msiotoka ziwani, kipe ni ile mitumbwi ya kuvulia dagaa inayounganishwa. Huku kwetu mitumbwi inaweza kuwa ya mtu mmoja, mashine ya mtu mwingine, nyavu za mwingine, taa za mwingine. Kila mwenye kitu chake anapata mgao wake. Na siku mitumbwi inapouzwa, mashine inafunguliwa, inarudi kwa mwenyewe. Hakuna anayegombana. Ndivyo tulivyokuta kwa wazee.

Nilimwita mwenyekiti wa kamati ya mashindano, Mwinshehe, mtu mzima mwenye nyavu zake pale Ujiji. Nikasema mbele yake na mbele ya Nasri: injini ni yangu mimi Rahabu, nimeiweka kwenye gari la Amosi kama mashine kwenye kipe. Nasri akadakia, "Na tairi na shokapu zangu hivyo hivyo." Mwinshehe akasema hakuna shida, kilichoazimwa hakijanunuliwa, hakihesabiwi kwenye kikomo.

Injini ikawaka jioni moja. Nilikuwa nachambua mchele. Mlio ule niliujua kabla sijageuka, na nikakaa na ungo mapajani bila kuchambua chochote. Nasri alikuwa anacheka peke yake huku anarukaruka.

"Mama Amosi," akasema, "hii Feliksi akiiona lazima ainunue."

"Ainunue vipi? Nani anauza?"

"Si kanuni? Mfadhili ana haki ya kununua gari lolote lililoshindana, kwa bei ya kikomo. Huwezi kumkatalia."

Nikamgeukia Amosi. "Ulijua na hili?"

"Ni ya kuzuia udanganyifu, mama. Mtu akitumia hela nyingi kwa siri, ataogopa kununuliwa kwa bei ndogo. Wala hatanunua. Ana magari kibao."

Usingizi wangu uliishia hapo. Nilichukua ndoo ya mawese nikaenda yadi kwa Feliksi kana kwamba natembeza biashara. Nilimkuta amekaa kivulini, anafuta miwani. Alinipokea vizuri, akaagiza nipewe kiti. Nikamwambia mimi ni mama yake Amosi wa Selika.

"Kijana hodari yule," akasema. "Namfuatilia."

Neno hilo sikulipenda. "Mzee, ile kanuni ya kununua ni ya nini?"

"Ya haki, mama. Bila hiyo, mwenye hela angeshinda kila mara."

"Na jasho? Kijana amefanya kazi mvua zote. Kwenye kikomo chako jasho limo?"

"Jasho halina risiti, mama yangu." Akacheka taratibu. Kisha akainunua ndoo yote kwa bei niliyotaja, na nilikuwa nimetaja bei ya kumpima.

Mtu asiyeomba kupunguziwa bei ya mawese hapa Kigoma, mwogopeni. Huyo hesabu yake iko mahali pengine.

Nilirudi nikamwambia Amosi atoe injini, aachane na mashindano. Akasema, "Ulisema Nasri katumwa. Ukasema mtu wa Mwanga ni mwizi. Sasa ni zamu ya Feliksi. Mama, shindano limetangazwa redioni."

"Wezi nao wanasikiliza redio."

Akanipa mgongo. Akaendelea kupaka rangi.

Siku ya mashindano nilikwenda na kitenge changu cha kanisani. Watu walikuwa wengi kandokando ya michikichi, vumbi limewajaa kwenye nyusi. Magari yalipanda moja moja. Mengine yalizimika kwenye kona, moja likaacha bomba la moshi barabarani, wenye maneno wakaliambia pole. Selika ya Amosi ilipanda na jicho lake moja lililogoma kufumba. Watu wakaiita Chongo. Lakini ilipanda, jamani. Ilikata kona ya juu mkia ukiwa nje, ikashuka, na Mwinshehe alipotangaza, Amosi alikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa Wilfred, fundi wa Katubuka.

Nilipiga kigelegele kifupi, macho yangu yakiwa kwa Feliksi. Alikuwa hapigi makofi. Alikuwa anayazunguka magari, anagonga bodi kwa kidole kama mtu anayechagua nazi.

Akachukua kipaza sauti. Akashukuru, akasifu vijana, akasema kwa mujibu wa kanuni atanunua magari mawili: la Wilfred na la Amosi. Wilfred alipewa bahasha yake palepale. Alitabasamu kwa midomo tu. Amosi alikuwa amesimama karibu na kompresa mpya, mkono wake juu ya kompresa, na ule mkono ukateleza chini.

Nikatoka mbele. 

"Mzee Feliksi, shikamoo. Nunua, haki yako. Ila subiri nitoe mashine yangu."

"Mashine gani, mama?"

"Injini. Si ya Amosi. Ni yangu."

Akacheka kwenye kipaza sauti. "Mama, hili ni gari, siyo kipe."

Watu wa Ujiji waliokuwapo hawakucheka. Mmoja akasema, "Sasa tofauti ni nini? Magurudumu?"

Wakati huo Nasri, ambaye kwa akili yangu ndiye aliyekuwa mtu wa Feliksi, alishapiga goti na spana ya magurudumu. Alikuwa ameanza na tairi ya nyuma.

"Wewe kijana, unafanya nini?" Feliksi akauliza.

"Nachukua wageni wangu, mzee. Wewe endelea kununua, sikusumbui."

Hapo watu wakacheka, na kicheko kile kikamkera Feliksi. Akamwambia Mwinshehe akate shauri: kama gari si la Amosi lote, basi Amosi alishindana na gari la watu, na ushindi haupo.

Mwinshehe alijikuna shingo. Alikuwa mtu wa nyavu, alijua, na alikuwa amekubali kwa mdomo wake. Lakini vifaa vilikuwa vya Feliksi. Akasema, "Amosi, chagua mwenyewe. Gari ni lako peke yako, basi umeshinda, chukua vifaa, na gari linanunuliwa. Au gari ni la wenye mgao, halinunuliwi, lakini ushindi unakwenda kwa wa pili."

Nilitaka kusema. Nilifunga mdomo, kwa mara ya kwanza tangu gari lile lije nyumbani. Kama angesema ni lake peke yake, nisingeweza kumwita mwanangu mwongo mbele ya watu. Injini ya baba yake ingepakiwa ikaenda Kahama.

Amosi aliitazama ile kompresa. Akaitazama mashine ya kuchomelea. Akamtazama Nasri aliyekuwa ameshika nati mkononi, anangoja. Mimi hakunitazama.

"Ni la wenye mgao," akasema. "Nasri, rudisha nati."

Vifaa akapewa Wilfred.

Tulirudi mimi na Amosi ndani ya Selika, mara yangu ya kwanza kuipanda. Magoti yalinifika kidevuni. Kwenye mteremko nikasema, "Umefanya vizuri."

"Usiseme kitu, mama."

Nikatazama barabara. Miezi miwili mitatu aliongea nami ya chakula tu.

Nimeambiwa gari la Wilfred liko Kahama, limebandikwa bei ya kutisha. Sijaliona kwa macho yangu, na aliyeniambia ni Nasri, ambaye kwa zile tairi zake sasa namkaribisha chai. Ninachojua ni kwamba Wilfred ana kompresa, na wateja wa rangi wanapita mlangoni kwetu kwenda kwake. Kwa hiyo siwaambii kwamba kuuliza maswali kunaleta faida. Nawaambia muulize tu, kabla, siku kitu kikiwa bado uani kwenu: hiki baada ya makofi kitalala kwa nani? Na mkiweka cha kwenu, semeni mbele ya watu.

Juzi Wilfred alikuja nyumbani, amebeba bunduki ya kupulizia rangi, na ile kompresa kwenye mkokoteni. Alikuwa amesikia Amosi ana kazi ya mlango wa Noa. Wakakaa pale uani, wakapiga stori, Wilfred anaitazama Selika kwa pembe ya jicho.

"Nikikuachia hivi mpaka Jumamosi," akasema, "utanipa Chongo nizunguke nayo kidogo? Yangu tangu inunuliwe sijaipanda tena."

Amosi akanigeukia. "Mama, unasemaje? Mashine ni yako."

Nikamtazama Wilfred kuanzia viatu. Nikasema, "Kidogo ni mpaka wapi?"

"Mpaka Ujiji, mama, pale sokoni. Nageuza."

Nikampa funguo. Aliingia, akawasha, akatoka taratibu. Mlio ukapita kwa jirani, ukapita msikitini, ukawa mwembamba. Mchuzi ulikuwa jikoni lakini nilisimama pale pale mlangoni, mpaka niliposikia inarudi.