Hela Iliyozeekea Msamvu

Kisa hiki ni kweli tupu, haki ya Mungu, kweli kama Uluguru ulivyo mlima na si bonde. Hakikutiwa chumvi, hakikukamuliwa ndimu. Na kwa kuwa Mkuyuni wapo watu wanaopepeta maneno ya wenzao kama mchele, dau ni hili hapa: jogoo mwekundu aliyefungwa pale mgombani ni wa yeyote atakayekamata humu uongo, hata uwe mdogo kama jicho la sisimizi.

Haya. Juu ya Mkuyuni, kwenye mteremko ambao hata mbuzi hufikiri mara mbili kabla ya kuupanda, anaishi mstaafu aitwaye Mzee Stefano. Ni mtu wa sura nzuri, mwenye busara, na mnyenyekevu kupita kiasi. Mkewe, Rosa, analima karoti na kabichi. Kiangazi humwagilia kwa ndoo, maji akiyapandisha kichwani toka kijitoni, mpaka majirani wakaanza kusema shingo yake inaingia mabegani. Mwaka jana kabichi zilikauka zimesimama. Mwaka huu Rosa akasema basi: anataka tangi, lile jeusi la plastiki, akinge maji ya mvua masika na ayatumie kiangazi.

Fedha ya tangi haikuwepo. Kilichokuwepo ni sarafu moja ya hela za Mjerumani, ya shaba, pana kama kisosi cha kahawa, upande mmoja taji, na chini ya taji mwaka 1908. Rosa aliachiwa na bibi mzaa mama, na kwa Waluguru kitu cha upande wa mama hakichezewi. Lakini kabichi nazo zilikuwa hazichezewi.

"Baba Glory," Rosa alimwambia mumewe, akiifunga hela ndani ya leso, "Msamvu, nyuma ya stendi, yuko fundi saa anaitwa Abdulatif. Ananunua sarafu za kale kwa bei ya haki. Mambo mawili tu nakuomba. Usiisugue, na usiisemee."

"Kuisemea vipi?"

"Unajua vipi."

Sharti la kwanza Mzee Stefano alilishika. Kiganja kilimwasha njia nzima kwa hamu ya kuipitisha hela kwenye majivu ing'ae, lakini akajizuia. Akafika Msamvu na shaba yake imefubaa kama alivyopewa.

Abdulatif alikuwa mtu wa makamo, kofia ya kufuma kichwani, kidubwasha cha kioo kimebanwa jichoni. Kwenye benchi alikaa mama mmoja, Asia, amepakata saa ya ukutani iliyokuwa ikigonga ovyo.

"Shikamoo mzee," akasema fundi.

"Marahaba. Wewe wa wapi?"

"Tabora."

"Mnyamwezi!" Mzee Stefano akakaa bila kukaribishwa. "Mtani wangu! Mlipita huku na mizigo ya watu kichwani, mkasahau kurudi?"

"Tulirudi. Mimi nimekuja kuwafundisha Waluguru kutembea mahali tambarare. Mnatembea mguu mmoja juu mmoja chini, kama mbuzi wa kwenye paa."

Asia akacheka, saa ikagonga. Hela ikafunguliwa. Abdulatif akaigeuza na kuigeuza tena, akaipuliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sarafu ya hela tano, ya 1908. Haijasuguliwa! Wengi huniletea zimesuguliwa mpaka mfalme wa watu hana taji. Mtani, unataka kununua nini?"

"Tangi la maji. Lita elfu moja."

"Basi nakupa fedha ya tangi la lita elfu moja, na mipira yake."

Shauri lilikwisha hapo, hata benchi halijapata joto. Lakini Mzee Stefano alikulia gulioni Mkuyuni, na gulioni bei ya kwanza ni salamu tu: unaiitikia, kisha mazungumzo ndiyo yanaanza. Ulimi ukamwasha kuliko kile kiganja.

"Hiyo 1908," akasema, "si mwaka."

"Ni nini?"

"Namba. Mfalme wao alikuwa anaibiwa sana, akazipiga hela zake namba. Hii ni ya elfu moja mia tisa na nane. Yenyewe ina miaka mia tatu."

Abdulatif akaitazama hela, akamtazama Asia, akamtazama mtani wake.

"Mia tatu! Basi tangi la pili."

Mzee Stefano nusura aanguke. Kumbe kila mwaka una bei yake! Akasogea mbele.

"Hujauliza ilikuwa wapi miaka yote hiyo. Ilikuwa tumboni mwa mamba wa mto Ruvu. Alimmeza mkusanya kodi pamoja na mkoba wake. Babu alipompasua, mkoba ulikuwa bado umefungwa, na mkusanya kodi bado anadai. Umri wa mamba yule peke yake ni karne tatu. Jumlisha."

"Mia sita," akasema Abdulatif kwa unyenyekevu. "Matangi mawili na pampu."

"Mwongezee na ng'ombe," Asia akachombeza.

"Na mamba naye," akaendelea Mzee Stefano, ambaye sasa hakuna breki ambayo ingemsimamisha, "alikuwa ameirithi. Hela hii, mtani, ilitoka kwenye kibubu cha Mfalme Suleimani!"

Saa ya Asia ikaacha kugonga. Abdulatif akatoa kioo jichoni, akaiweka hela mezani polepole kama mtu anayelaza mtoto.

"Mtani, umeniponza. Kitu cha umri huo si mali yako wala yangu. Ni urithi wa taifa. Nikikinunua nafungwa, na wewe uliyekileta unafungwa kabla yangu. Ngoja nimpigie simu ofisa wa mambo ya kale." Akachukua simu, akaiweka sikioni.

Mzee Stefano akaona tangi la Rosa linaporomoka mlimani, dubwi, dubwi, mpaka mtoni.

"Taratibu, mtani! Suleimani nilimtaja kwa mfano tu."

"Pampu imeondoka. Na mamba?"

"Mamba alikuwa kenge."

"Kenge hamezi mkusanya kodi. Tangi la pili limeondoka. Halo, ofisa?"

"Weka simu! Hata hiyo miaka mia tatu tugawane!"

"Kitu cha kale ni cha kale tu, mzee. Halo?"

"Si cha kale!" Jasho lilimtoka mpaka kwenye viatu. "Ni cha juzi! Mwaka sabini na nane! Nimeifua mwenyewe kwa sufuria mbovu, jikoni kwangu!"

Asia akaegemea ukuta, machozi yanamtoka. Abdulatif akaiteremsha simu na kuigeuza wote waione. Kioo kilikuwa cheusi tii. Ilikuwa haina chaji tangu asubuhi.

"Kumbe ya bandia," akasema kwa huzuni kubwa. "Kwa bei ya chuma chakavu, mtani, itakutosha kikombe cha kuchotea maji. Chenye mkono, kwa heshima yako."

"Unanionea!"

"Mtani haonewi. Mtani hutaniwa."

Mzee Stefano akainama. Aliiona shingo ya Rosa, aliiona ndoo, akajiona yeye anarudi kilimani na kikombe chenye mkono. Ndipo simu yake mwenyewe, aliyokuwa ameiweka mezani, ikaita, na kioo kikaonyesha jina: Mama Glory. Hakuthubutu kuigusa. Abdulatif akaipokea.

"Shikamoo mama. Ni Abdulatif, fundi saa."

"Marahaba, baba. Huyo mzee kafika?" Sauti ya Rosa ilijaa kibanda kizima. "Ameisugua?"

"Hajaisugua."

"Ameisemea?"

"Ameisemea mpaka kwa Mfalme Suleimani."

"Kapitia kwa mamba?"

"Kapitia."

"Mama yangu mie! Sikiliza, baba. Mwaka wake si umeandikwa? Bibi alikuwa akiiweka chini ya mguu wa kitanda, kitanda kilikuwa kinayumba. Hela ikikaa, kitanda kinatulia. Hakuna jingine."

"Ahsante, mama. Hiyo ndiyo niliyokuwa nainunua tangu mwanzo."

Abdulatif akalipa bei yake ya kwanza, ya tangi moja na mipira, haikuzidi wala kupungua. Kisha akainua kidole.

"Ila faini ya utani iko palepale, na mama Asia ni shahidi. Wazee wangu walipita hapa na mizigo kichwani, nyie mkawacheka mkiwa mmekaa juu ya mawe. Leo zamu yako. Tangi hilo lipande mlima kwa kichwa cha Mluguru."

Neno la mtani mbele ya shahidi halirudi. Gari lilifikisha tangi Mkuyuni, barabara ikaishia hapo. Mzee Stefano akalivaa tangi zima kama kobe anavyovaa nyumba, likaonekana kutoka mbali tangi jeusi lenye miguu miwili linapanda mlima likiimba. Katekista alifanya ishara ya msalaba. Mbwa wa kijiji kizima walihamia bonde la pili. Naye hakupumzika hata mara moja, hakuomba msaada wa mtu, peke yake, kwa nguvu za ujana zilizokuwa zimebaki, akalitua mbele ya kabichi na...

"Stefano!"

Sauti imetoka nyuma ya kiti. Kalamu imesimama. Rosa yuko mlangoni na kapu la karoti, na haijulikani amekuwa akisoma toka mstari gani.

"Nani alibeba tangi?"

"Mama Glory, hapa panahitaji tu..."

"Tangi walibeba vijana wa jirani, Innocent na Ezekiel, nikampa kila mmoja kabichi. Wewe ulibeba mfuniko. Na uliupumzisha kwenye kila jiwe."

"Mfuniko nao ni sehemu ya tangi."

"Jogoo," akasema Rosa, akinyoosha mkono.

Jogoo amelipwa. Maji ya kumnyonyolea yamechotwa kwenye tangi, kwa kikombe. Rosa amechukua mapaja yote mawili, firigisi ameichukua pia, na mwandishi wa kisa hiki cha kweli amegawiwa shingo.